Land Cruiser 75: taa za LED zinawaka kwenye betri, kwenye plagi ya gari giza. Nisaidieni (Lubumbashi)

Mwana_wa_RN1 (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Niko na Land Cruiser 75 pikapu, injini 1HZ, usukani kulia, iliingia kupitia Kasumbalesa (mpakani na Zambia) zamani kabla sijainunua. Taa zake ni zile za mviringo za inchi 7. Usiku kwenye barabara ya Likasi naona mita chache tu, na hali mnaijua: saa kumi alfajiri watu wa makala (mkaa) wanasukuma baiskeli kuja mjini, mzigo umepita kichwa cha mtu, hawana taa wala kitambaa cha kung'aa, na hapo hapo lori la madini linakuja mbele yako limewasha taa ya juu (ya mbali).

Nikanunua taa za LED za mviringo. Plagi yake ni ya miguu mitatu kama ya ampuli (balbu) za H4, inaingia bila kukata waya. Nimechomeka: giza. Ya chini haiwaki, ya juu haiwaki. Nikirudisha taa ya zamani, inawaka. Nikiigusisha ile ya LED moja kwa moja kwenye betri, inawaka mpaka macho yanauma. Elektrisie mmoja amezunguka nayo asubuhi nzima, anasema swichi ya usukani imekufa, ninunue nyingine. Sasa kama swichi imekufa, taa ya zamani inawakaje?

Kasumba_Transit

Umeuziwa feki, ndugu. Rudisha, tafuta za Kijapani. Uzi ufungwe.

Fundi_BelAir

Uzi usifungwe bado. Taa feki haiwaki kwenye betri halafu ikakataa kwenye plagi. Mdogo wangu, usinunue swichi. Nijibu haya kwanza:

Gari yako ni volti 12 au 24? Usiangalie idadi ya betri tu, maana kuna Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zenye betri mbili zilizounganishwa kuwa 24, na kuna nyingine zenye betri mbili zilizowekwa sambamba na bado ni 12.

Pili, washa injini, rudisha taa ya zamani, washa ya chini. Pima betri. Halafu pima kati ya miguu miwili ya ampuli inayowaka, kwa nyuma ya plagi, taa ikiwa inawaka. Usipime plagi ikiwa tupu, itakudanganya.

Tatu, chomoa plagi, washa taa, weka waya mweusi wa kipimo kwenye bodi ya gari na mwekundu kwenye kila mguu wa plagi, mmoja mmoja. Andika unachoona.

Mwana_wa_RN1

Aksanti yaya. Ni 12, betri mbili sambamba. Injini ikiwaka, betri inasoma 13.9. Kwenye ampuli ya chini inayowaka nimepata 11.6 upande wa kushoto, kulia 11.7.

Sasa hili la tatu limenichanganya. Ule mguu ambao elektrisie anauita wa masi, yaani wa hasi, ndio wenye moto. Kipimo kinasoma karibu 13 pale. Ile miguu mingine miwili haina kitu. Mtu aliyeunganisha hii gari alikuwa amelewa au?

Fundi_BelAir

Hajalewa, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nitaandika kirefu kwa sababu swali hili linarudi kila mara na kila mara mtu anauziwa swichi.

Kwenye magari mengi ya Ulaya, mguu wa pamoja wa ampuli ya H4 unakaa kwenye masi muda wote, na swichi inapeleka moto kwenye mguu wa taa ya chini au wa taa ya juu. Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, zinafanya kinyume. Ukiwasha taa, moto unakwenda kwenye mguu wa pamoja. Swichi ya usukani haipeleki moto popote. Kazi yake ni kuunganisha mguu wa chini au wa juu na masi. Ampuli ya nyuzi haijali mkondo unaingilia wapi, inawaka tu. LED inajali. Ya kwako imetengenezwa ikitegemea masi kwenye mguu wa pamoja, na gari linaipa moto pale pale. Imepewa umeme kinyume, imekaa kimya. Shukuru haikuungua.

Kwa hiyo taa nzima, swichi nzima, gari zima. Ila kuna tatizo la pili, na kwangu hilo ndilo kubwa: hizo 11.6. Betri inatoa 13.9, ampuli inapata 11.6. Zaidi ya volti 2 zimepotelea njiani, kwenye nyaya nyembamba za zamani, viungo vyenye kutu na miguu ya swichi iliyochoka, kwa sababu mkondo wote wa taa unazunguka kupitia usukani kabla ya kufika kwenye masi. Na mwanga wa ampuli hauteremki sawasawa na volti, unateremka haraka zaidi. Ampuli ikitoka 13.5 kwenda 12, mwanga unabaki kama theluthi mbili. Kwenye 11.6 yako unabaki karibu asilimia 60. Taa zako za zamani hazikuwa mbaya, zilikuwa na njaa.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja: rele mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo), moja ya taa ya chini, moja ya juu. Swichi iamshe rele tu, na umeme wa kuwasha taa utoke betri moja kwa moja.

Nunua rele za volti 12 zenye namba 30, 85, 86 na 87. Fanya hivi:

30 za rele zote mbili zinatoka chanya ya betri kwa waya wa mm² 2.5, kila moja na fyuzi yake ya ampea 15. 87 ya rele ya kwanza inakwenda mguu wa chini wa taa zote mbili. 87 ya rele ya pili inakwenda mguu wa juu wa taa zote mbili. Miguu ya pamoja ya taa mpya, kila mmoja unakwenda masi kwa waya mnene uleule, na sehemu ya bodi unayofungia isuguliwe mpaka chuma ing'ae.

Sasa 85 na 86, ncha mbili za koili inayoiamsha rele. Chukua plagi moja ya zamani, ya kushoto au kulia, haijalishi. Koili ya rele ya chini iunganishe kati ya waya wa pamoja na waya wa chini wa ile plagi. Koili ya rele ya juu kati ya waya wa pamoja na waya wa juu. Basi. Uzuri wa njia hii ni kwamba koili haijali chanya iko upande gani, kwa hiyo inafanya kazi kwenye Toyota yako na kwenye gari la Ulaya pia. Ila kama rele yako ina diodi ndani (huwa imechorwa ubavuni), pande zinahesabika: kwako wewe 86 iende kwenye waya wa pamoja. Plagi ya pili ifunge vizuri na tepu, uiache.

Kuhusu miguu ya H4: ule uliolala juu, peke yake, ni wa taa ya chini. Ile miwili iliyosimama ni ya pamoja na ya juu, na hapo tumia kipimo, usikisie.

Mama_Hiace

Jambo bayaya. Mi niko na Hiace ya transport, Ruashi mpaka mujini. Mwenye alikuwa nayo mbele yangu alitia ampuli za 100 wate juu ya kuona muzuri. Sokete ya kushoto iliyayuka yote, plastiki ilishikana na miguu ya ampuli, tulitosha na koleo. Haina ampuli njo mubaya, ni waya njo midogo. Sasa niko na rele na ampuli ya kawaida, 60/55 (wate 60 ya juu, 55 ya chini), na minaona kupita wale ba 100.

Fundi_BelAir

Mama amesema kwa hesabu kamili. Ampuli mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinakula kama ampea 9. Ukiweka mbili za wati 100 unakaribia ampea 17, kwenye waya uleule na swichi ileile iliyochongwa kwa ajili ya 9 au 10. Moto unaotakiwa uende kwenye ampuli unabaki kwenye plagi.

Mwana_wa_RN1

Nimeelewa mpaka nimechora kwenye karatasi. Maswali: rele nizifunge wapi? Kiangazi vumbi letu linaingia hata ndani ya redio, na kuanzia mwezi wa kumi na moja ni maji. Na fyuzi ikikatika usiku katikati ya pori, si taa zote mbili zinazima pamoja?

Fundi_BelAir

Swali zuri hilo la fyuzi. Ndiyo, kwa mchoro wangu wa juu fyuzi ya chini ikikatika unabaki na ya juu peke yake. Ukitaka usalama zaidi, baada ya 87 gawanya njia mbili, kila taa na fyuzi yake ya ampea 10. Nyaya zinaongezeka, lakini ukipoteza kushoto, kulia kunabaki. Mimi kwenye magari ya safari ndefu nafanya hivyo.

Fyuzi ile ya kwanza ikae karibu na betri, si zaidi ya kiganja kimoja. Nimeona watu wanaiweka mwisho, karibu na taa. Waya ukisuguana na bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kinachouzuia kuwaka, na hapo ndipo gari linateketea huku fyuzi ikiwa nzima.

Rele zifunge juu, kwenye ukuta wa ndani wa bawa, mbali na bomba la moshi na mbali na betri kwa sababu ya asidi. Miguu iangalie chini ili maji yadondoke. Waya zipitishe ndani ya mpira wa mikunjo, na zikivuka tundu la chuma weka raba. Usitumie waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja: barabara yetu itautingisha mpaka ukatike ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima. Tumia wa nyuzi nyingi. Vichwa vya kubana vibanwe kwa koleo lake, si kwa meno wala nyundo. Na ukisokota waya kwa waya halafu ukafunga tepu, tutaonana hapa hapa mvua ikianza.

Polepole_LourdKolwezi

Mimi ni shofa wa lori, Kolwezi kwenda mpakani. Mmezungumza vizuri sana habari ya mdogo wetu kuona. Sasa niulize: na mimi ninayekuja mbele yake, nitaona nini?

Hizi pikapu zenye LED za duara ndizo zinatuua usiku. Unakutana nayo kabla ya peaji (kituo cha kulipia barabara), huoni ukingo wa barabara, huoni mtu wa baiskeli, unabaki unashikilia usukani kwa imani. Ukimmulikia ashushe, anakujibu kwa ya juu, kumbe ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya chini.

Kasumba_Transit

Mzee, na nyinyi malori mna zile taa sita za juu ya kabini. Tuanze na nyinyi.

Polepole_LourdKolwezi

Zangu ziko kwenye swichi yake na nazizima nikikutana na mtu. Wewe ya chini utaizimaje?

Fundi_BelAir

Mzee Polepole amegusa jambo ambalo nilitaka kulifikia, na linahusu magari yote yenye usukani kulia hapa kwetu, si LED peke yake.

Taa ya chini haimuliki sawa kushoto na kulia. Ina mstari ambapo mwanga unakatwa, na upande mmoja mstari huo unapanda ili umulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa zao zinapanda kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Gari likivuka Kasumbalesa na taa zake, ule mwanga unaopanda unakwenda kushoto, yaani machoni pa anayekuja, na ukingo wa kulia, ambako ndiko baiskeli za makala zilipo, unabaki gizani. Unampofusha mwenzako na wewe mwenyewe huoni unachotaka kuona. Hata ukiishusha taa vipi, umbo halibadiliki.

Jinsi ya kujua: soma kioo cha taa. Taa yenye kibali cha Ulaya ina herufi E na namba ndani ya duara (E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi). Kama ni ya kuendesha kushoto, kuna mshale mlalo unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama. Kama hakuna mshale, ni ya kuendesha kulia, hiyo ndiyo yetu. Mshale wenye vichwa viwili maana yake inarekebishwa kwa pande zote. Taa isiyo na E wala alama yoyote, hapo unanunua bahati. Na alama ya E nayo inachapishwa na yeyote mwenye mashine, kwa hiyo imulike ukutani kabla ya kulipa.

Mwana_wa_RN1

Nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Za zamani zina mshale unaoelekea kulia kwangu. Za LED hazina kitu, ila jina la kampuni na picha ya simba.

Kasumba_Transit

Simba naye anaona usiku, hahaha. Lakini Fundi, kwa nini asitie tu ampuli za LED za H4 ndani ya taa za zamani? Mimi ndivyo nilivyofanya kwenye Corolla, weupe mtupu.

Fundi_BelAir

Kwa sababu kioo cha nyuma ndani ya taa, kile kinachorudisha mwanga, kilichongwa kwa uzi mdogo unaokaa mahali pamoja kamili. Ampuli ya H4 ina nyuzi mbili, na chini ya ule wa taa ya chini kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo. Kile kikombe ndicho kinachochora mstari wa kukata. Ukileta LED ambayo vijitaa vyake viko pembeni kidogo, au ni vinene kuliko uzi, mstari unachafuka, mwanga unatawanyika juu. Wewe uliye ndani unaona weupe karibu na bampa unafikiri umeshinda. Mbali huoni zaidi. Weupe na umbali ni vitu viwili.

Siwachukii LED. Kuna taa nzima za LED za inchi 7 zilizotengenezwa vizuri, zenye lenzi na mstari mkali, zinakula umeme kidogo. Hazishikiki kwa bei ya hizi za simba. Kwa mfuko wa kawaida, mimi ningenunua taa tupu (bila ampuli) za H4 za kioo, za kuendesha kulia, ampuli nzuri za 60/55, na rele. Kioo hakigeuki njano kama plastiki, na ampuli ikiungua Likasi unaipata Likasi.

Mama_Hiace

Na ikiungua mu pori unaomba shofa mwingine. LED ikiungua unaomba Mungu.

Polepole_LourdKolwezi

Mama, umeniwahi.

Mwana_wa_RN1

Matokeo. Nimefunga rele na kijana mmoja wa Katuba, tukifuata mchoro wa Fundi, fyuzi nne za pembeni pamoja na mbili za karibu na betri. Tulianza na taa za zamani kwanza ili nijue rele zenyewe zinafanya nini. Kwenye ampuli sasa nasoma 13.4, ileile iliyokuwa 11.6. Kijana aliwasha akafikiri nimebadilisha ampuli.

LED nazo zinawaka, ya chini na ya juu. Nimezimulika ukutani: ya chini haina mstari wowote, ni duara jeupe lililopanda mpaka dirishani. Nimezitoa. Moja nitaifunga nyuma, ya kumulikia mzigo nikipakua. Nimepata taa tupu za H4 za kioo hapa mjini, E2, hazina mshale.

Jambo moja: ile taa ya bluu ya dashibodi ya kuonyesha ya juu iligoma nilipokuwa nimechomeka LED kwa adapta ya kugeuza nyaya niliyoazima. Kwa rele inawaka kama kawaida. Sababu?

Fundi_BelAir

Kitaa hicho kinategemea njia ileile ya masi inayofungwa na swichi. Adapta nyingine zinaigeuza njia hiyo bila kukifikiria. Kwako swichi bado inavuta koili kama ilivyokuwa inavuta ampuli, ndiyo maana dashibodi haijagundua kitu.

Sasa kabla hujaenda barabarani, zielekeze. Tafuta sakafu iliyo sawa mbele ya ukuta, pampu upepo wa matairi, weka mzigo wako wa kawaida nyuma, maana pikapu ikikaa chini nyuma, pua inanyanyuka na taa nazo. Pima kutoka chini mpaka katikati ya taa, chora mstari ukutani kwa chaki kwa urefu huohuo. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa kukata, ile sehemu iliyolala, uwe sentimita 5 chini ya chaki. Kupanda kuwe upande wa kulia. Funika taa moja kwa gunia ukirekebisha nyingine. Skurubu ni mbili, moja ya juu na chini, moja ya pembeni. Kwenye 75 ya umri huo mwaga mafuta usiku kabla, zinapenda kukatika.

Polepole_LourdKolwezi

Hapo sasa. Na yule anayebeba saruji siku moja na siku ya pili hana kitu?

Fundi_BelAir

Aelekeze akiwa na mzigo, mzee. Akiwa mtupu atamulika karibu kidogo, si mbaya. Kinyume chake ndicho kinachokupofusha wewe.

Kasumba_Transit

Haya, nimekwenda kuangalia Corolla yangu ukutani. Sitasema nilichokiona. Nani ana ampuli za H4 za kawaida, bei ya ndugu?

Dogo_Kamalondo

Samahani wakubwa, naingia kwa nyuma. Niko na Land Cruiser BJ ya zamani, betri mbili, na kipimo kinasoma 27 injini ikiwaka. Naweza kutumia mchoro huu huu?

Fundi_BelAir

Mchoro ndiyo, vifaa hapana. Hiyo ni 24. Rele ziwe za 24 na ampuli ziwe za 24, za malori: H4 yake ni 75/70. Usichukue umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili ili upate 12; ile moja itakuwa inakufa mapema na nyingine inachajiwa kupita kiasi. Muulize mzee Polepole anakonunua ampuli.

Polepole_LourdKolwezi

Njoo ndani, nitakuelekeza.